Kanda Zisizo na Maandishi

Mwaka 1991, mvua za masika zikiwa zimeshika, nami nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, nilimzika mume wangu. Wapendwa, nimesimama kwa sababu kikundi chetu cha akina mama kimeniomba. Mimi mwenyewe jambo hili limenichosha.

Mume wangu alikuwa fundi wa redio pale Kibuye. Mwisho wa juma alibeba mashine zake kwenye harusi, ibada na matanga, akanasa sauti kwenye kaseti na, miaka ya baadaye, picha kwenye kanda za video. Juu ya kanda hakuandika lolote. Kila moja aliianza kwa kutamka tarehe na mahali. Aliyetaka kujua kilichomo alipaswa kusikiliza. Utaratibu huo ulinifaa, kwa kuwa wakati huo sikujua kusoma.

Matanga yalipokwisha, vitu vyake viligawanywa kama desturi yetu inavyotaka. Shemeji mkubwa alichukua kaseti zote kwake Manyatta. Mdogo akabeba za video hadi Mamboleo. Mimi niliachiwa redio ya kaseti, isiyo na cha kucheza. Niliomba kanda zikae pamoja chini ya uangalizi wangu.

"Shemeji, hizo ni tupu," mkubwa alinijibu mbele ya wageni. "Hazina hata herufi moja. Na hata zingekuwa nayo, ungeisoma wewe?"

Walicheka. Ndugu zangu, nawaambia, kicheko hicho ndicho kilichonipeleka gumbaru, darasa la watu wazima, Januari 1992. Niliuza omena, wale dagaa wa ziwani, tangu asubuhi, na jioni nilikaa darasani macho yakifumba kwa usingizi.

Mwezi wa Juni mwaka huo nilimtembelea shemeji mkubwa Manyatta. Kaseti ilikuwa ikicheza. Nikasikia sauti ya mume wangu ikitamka tarehe, kisha, ghafla, mtangazaji wa mpira. Shemeji alikuwa akinasa mechi za redioni juu ya kanda alizodhani ni tupu. Nilimweleza. Akasema, "Mama, mtu akifa amekufa. Wacha sisi tusikilize mpira."

Nilimsihi miaka miwili. Mwishowe niliwaomba wazee wa ukoo watuketishe, naibu wa chifu akiwepo. Nilibeba redio yangu na betri mpya. Nikamwomba shemeji achague kaseti yoyote, kwa mkono wake mwenyewe.

Mume wangu akasikika: "Leo ni tarehe tisa Desemba 1984, tuko nyumbani, mama anatuombea." Mzee mmoja akavua kofia. Mama mkwe wangu, ambaye naye alikuwa ameshafariki, alianza kuwaombea wanawe, kutoka kitinda mimba kwenda juu. Akamwombea mdogo. Akamwombea mume wangu. Akavuta pumzi: "Na huyu mkubwa wangu, Baba, naomba..."

Goli! Uwanja mzima ukapiga kelele.

Hakuna aliyecheka.

"Rudisha nyuma," shemeji alisema. Nikarudisha. Ikafika palepale, goli likaingia tena.

"Shemeji, hapo aliomba nini?"

"Sijui," nikamjibu. "Mimi nilikuwa jikoni."

Shemeji akamwambia mdogo wake, "Nenda Mamboleo, lete zote."

Nawashukuru wazee walionisikiliza, mwalimu aliyenivumilia nilipolala juu ya daftari, na nyinyi akina mama mnaokaa nami kusikiliza kanda moja moja. Ninalowaomba ni hili: kitu mnachokipenda kiandikeni jina kabla hamjaulizwa, na nakala yake mwekeeni jirani katika nyumba nyingine.

Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1994, tuliketi mbele ya naibu wa chifu na makubaliano yakasomwa: kanda zote, za sauti na za video, ziko mikononi mwangu. Shemeji alitia sahihi. Aliponisogezea kidau cha wino wa kidole gumba, nilikirudisha, nikachukua kalamu, nikaandika jina langu lote. Kwa kalamu hiyohiyo niliandika juu ya ile kaseti, ya kwanza katika mkusanyo wote kupata maandishi: *Sala ya Mama, 9 Desemba 1984. Haikukamilika.*