Kamisheni ya Nyavu

Naapa mbele ya Mungu na hii birika ya kahawa, hakuna neno hata moja nimeongeza. Wengine wanaongeza. Mimi Obiero, ambaye Kisumu yote inaniita Jenerali, siongezi. Ilikuwa mwaka wa themanini na nane, tuko kwa benchi yetu nje ya soko, kahawa inachoma ulimi. Kulia kwangu Bildad Misumari, Mkikuyu wa duka ya hadwea. Kushoto Walter, tunamwita Kamisheni, kwa sababu kuna kampuni fulani ya nyavu ya Nairobi inamlipa kwa kila mteja anayewapelekea. Siku hiyo kahawa yake ilikuwa inapoa tu.

— Jenerali, hizo nyavu zinakatika, akasema. Jana huko Dunga mbuta imepasua mpya kabisa.

— Si nilikuwa huko! Samaki ilipita katikati, ikageuka, ikasalimia watu.

— Ulikuwa Dunga jana?

— Mimi niko kila mahali.

Bildad akamuuliza Walter:

— Na bado utawapelekea watu?

— Leo kuna mama anatoka Port Victoria, anataka nyavu za mashua mbili. Na mimi watoto wako shule, bwana.

— Basi shida gani? Wewe ni kibao ya barabara. Kibao inasema Ahero ni huku. Gari ikianguka, nani anashika kibao?

— Kibao hailipwi, nikamwambia. Walter ni jagam, yule anaunganisha kijana na msichana mpaka waoane. Bibi akigeuka moto, watu wanapiga hodi kwa nani? Kuna jagam wa Kendu Bay alifukuzwa na mama wa kijana mpaka akaingia Tanzania. Saa hii huko ni chifu.

— Omera, wacha! Walter akasema.

Bildad naye akapandisha sauti:

— Na redio je? Inatangaza sabuni. Ukiwashwa mwili, unashtaki redio?

— Yangu niliipiga teke. Ikaomba msamaha kwa Kiswahili, ikarudia kwa Kijaluo.

Tukacheka. Walter hakucheka.

— Nikikataa, kesho watatafuta mtu mwingine. Nyavu ni zile zile, na huyo mama atauziwa tu.

— Hapo sasa... nikaanza, na kabla sijafika mbali mama mmoja akasimama mbele yetu, vumbi mpaka magoti.

— Hamjambo, wazee. Naitwa Metrine, nimetoka Port Victoria. Bwana Walter ni nani?

— Ni mimi, mama.

Akatoa kitambaa kifuani, imefungwa fundo mbili.

— Hii ni pesa ya wajane wa kanisa letu. Hiyo kampuni mimi siijui, baba. Wewe ndio watu wamenisifia. Ninunue?

Bildad, mwenye mdomo kama honi ya lori, akaangalia ndani ya kikombe. Mimi Jenerali nikainama kufunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa akala za tairi, hazina kamba. Walter akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena.

Mama akangoja. Akatuangalia mmoja mmoja. Kisha akarudisha kitambaa kifuani.

— Asante, baba, akamwambia Walter. Nimesikia.

Sasa tafadhali, hii maneno isitoke hapa. Walter ameambia watu wote kwamba siku hiyo alimkataza huyo mama kwa sauti kubwa. Mwacheni aendelee kusema.