Kidonge cha Mguu

Treni ilipoondoka, mwashi aliyekaa dirishani alitega sikio. Mbele yake muuza vitambaa alikuwa akimlalamikia fundi rangi waliyekutana naye humohumo. "Ndugu yangu, unaouma ni mguu, daktari kanipa dawa ya moyo. Nikampa mume wangu, maana mgonjwa wa moyo ni yeye. Sasa anapanda ngazi kama kijana."

"Mama, mimi mshipa wa shingo ndio unaoziba, nikapewa hiyohiyo. Eti mafuta yakiganda kwenye mishipa ya mguu, moyoni nako yako njiani. Ni kinga."

"Sasa kidonge kinajuaje pa kwenda?"

Fundi rangi akajikuna shingo. Mwashi, ambaye hakuulizwa, akajipapasa kifua.

Treni ikasimama. Mama akashuka, akapiga hatua chache, kisha akashika nguzo na kuusubiri mguu wake uache kuuma.