Mama Gia na Ubishi wa Mota Mbili

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo tunamkumbuka fundi wa baiskeli za umeme. Watu walimwita Mama Gia. Alifariki wiki iliyopita, usingizini, katika nyumba iliyo juu ya karakana aliyoiendesha na mumewe.

Karakana moja, mafundi wawili, na ubishi usiokwisha. Mumewe alipenda mota inayokaa ndani ya gurudumu. Haina kelele, na mnyororo ukikatika bado inakufikisha nyumbani. Mama Gia alipenda mota inayokaa penye pedeli, ambayo nguvu yake hupitia kwenye gia. Ukifika mlimani unashusha gia, nayo inapanda.

"Yako ni ya kutembelea tambarare," alimwambia mumewe mbele ya wateja.

"Na yako inatafuna minyororo kama karanga!"

Wateja walicheka, wakanunua.

Sasa sikilizeni. Mdogo wake Mama Gia ni mkunga. Kliniki yake iko bondeni, lakini akina mama wengi anaowahudumia wanaishi mlimani. Baiskeli yake ya kwanza alipewa na shemeji yake, naam, yenye mota ya gurudumu. Mchana mmoja akaitwa mbio. Mama mjamzito, uchungu umeshika. Katikati ya mlima mota ikapata joto, ikazima. Mkunga akashuka, akaisukuma. Alipofika, mtoto ameshazaliwa na mama anavuja damu.

"Niliwahi kwa bahati tu," mkunga alituambia. "Ningechelewa kidogo, nisingemkuta hai."

Mama yule alipona. Na Mama Gia, aliyezoea kumtania mumewe kwa kila kitu, siku hiyo hakumcheka. Alifunga mlango wa karakana, wakaifungua baiskeli ile wawili wao, wakaiwekea mota ya pedeli. Mumewe mwenyewe ndiye aliyekaza boliti. Mkunga anapanda nayo mlima hadi leo.

Miaka ikapita. Magoti ya Mama Gia yakaanza kumsaliti. Kukanyaga pedeli kukawa mateso. Akaacha kuendesha. Akawa mtu wa kukaa dirishani, kimya. Ukimya ule ulimtisha mumewe kuliko ubishi wote.

Binti yao anasimulia: "Baba alimtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu, mota ndani ya gurudumu. Unabonyeza kwa kidole gumba, inakwenda. Mama akaitazama, akasema, 'Aibu hii nitaificha wapi?' Kisha akapanda. Akazunguka mtaa mzima. Aliporudi akamwambia baba, 'Kweli haina kelele.' Baba akageukia ukutani, akajifuta macho."

Tangu hapo Mama Gia alitoka kila asubuhi. Na ubishi ukarudi, wasikilizaji wapendwa. Ukarudi kwa kishindo.

Juzi tulimkuta mumewe karakanani. Akatuambia, "Mteja kaniuliza mota ipi bora. Nikamjibu, ya gurudumu. Nikangoja kupingwa. Hakuna aliyenipinga. Basi nikamuuzia ya gia."

Kwako mzee wetu, kwa binti yako na kwa shemeji yako mkunga: poleni sana kwa msiba. Tuko pamoja nanyi, na Mungu ampumzishe kwa amani.

Nawe unayetusikiliza, huenda nyumbani kwako yuko mtu mnayebishana naye kila siku. Leo akianza, punguza sauti ya redio. Mwache aseme mpaka amalize.