Matofali ya Madeleine

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Madeleine Nabintu, muuza dagaa wa kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, aliyetutoka wiki iliyopita. Madeleine wa maduka ya Nyamityobora, kule mjini Mbarara. Ndiyo, huyo huyo mwenye sauti ya kuamsha soko zima.

Alifika Nakivale mwaka 1998 kutoka Kivu Kusini, Kongo, mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni Divine. Akalima, akauza dagaa, akacheza likelemba na wenzake: kila mwezi wanachanga pesa, mmoja anachukua zote. Wenyewe husema anakula zamu.

Mwaka 2008 akawaletea wazo jipya. Enid, mke wa askari wa kambi ya Mbarara, alikuwa na kiwanja Nyamityobora, hana uwezo wa kujenga. Basi Enid alete ardhi, kina mama wachange ukuta, kodi ya maduka wagawane kwa mafungu, kila mtu kwa alichotoa. Wakaandikiana kwa mwanasheria.

Tatizo, kina mama walidhani ni likelemba ile ile. Kuta zilipofika kwenye linta, juu ya milango, Sidonie, rafiki yake wa karibu, akadai kula zamu. Wengine wakamfuata. Wangegawana pesa zilizobaki, kuta zingenyeshewa bila paa na jasho la wote lingekwenda na maji.

Madeleine hakubishana. Aliwapeleka Mbarara, akawasimamisha mbele ya ukuta.

"Sidonie, matofari yako iko fasi gani? Beba, wende nayo. Lakini usiangushe yangu!"

Sidonie akatazama juu, akatazama chini, akacheka mpaka akakaa kwenye mchanga. Zamu haikudaiwa tena. Maduka yalifunguliwa mwaka 2010.

Enid anasema: "Huyo mama alikuwa mukali, bwana! Lakini yeye hapana danganya mutu."

Mimi watu wakali wa namna hii nawapenda, na huyu nitamkosa.

Katika likelemba, mtu akifa, zamu yake huzikwa naye. Fungu la ukuta halizikwi. Juzi Jumamosi kina mama walikaa kugawana kodi kama kawaida. Sidonie akaita majina. Alipofika kwa Madeleine, akaliita na lake.

Divine akasimama. "Niko," akasema.

Pole sana, Divine. Poleni ndugu, majirani na kina mama wote wa Nakivale. Mungu awatie nguvu. Nawe unayetusikiliza, jiulize leo: siku jina lako litakapoitwa na wewe haupo, nani ataitika?