Shangazi wa Chumba cha Kupimia Mifupa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika maabara yetu, Shangazi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28. Jina lake lipo kwenye faili, lakini kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini sote tunamwita hivyo, naye huitika.

Alikuja akiwa mwanafizikia kijana, akakabidhiwa chumba kisicho na dirisha na mashine ambayo hakuna aliyeitamani. Kazi yake ilikuwa kupima madini ya risasi ndani ya mfupa wa mtu aliye hai, bila kisu wala sindano. Mgonjwa hukaa, hunyoosha mguu, na mashine huelekeza mionzi kidogo kwenye muundi, mfupa wa mbele wa mguu. Risasi iliyojificha mfupani hujibu kwa kutoa eksirei zake yenyewe, na mashine huzihesabu. Damu hueleza habari za majuzi. Mfupa hutunza za miaka mingi.

Mashine hiyo haifanyi kazi isipopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali. Kila asubuhi Shangazi aliijaza kabla hajaonja chai. Ukimwomba kitu mapema, alikujibu kwamba mtoto bado hajala.

Wengi wetu tutamkumbuka kwa kisa cha fundi betri. Fundi huyu aliyeyusha betri chakavu kwa miaka mingi, mpaka mikono ikaanza kutetemeka, tumbo likawa linamsokota, na akawa anasahau hata majina ya wanawe. Mwenye karakana alimwachisha kazi akidai ni mlevi, na mtaani watu wakaamini. Alipofika kwetu, damu yake ilikuwa karibu na kawaida, maana alishakaa nyumbani muda mrefu. Daktari wetu hakuridhika, akamleta kwa Shangazi.

“Mimi sijapigwa risasi hata siku moja,” fundi alilalamika akivua kiatu. “Mnaitafuta ya nini mguuni?”

“Hii haina mlio, mwanangu,” Shangazi alimjibu. “Huingia na vumbi na moshi. Kaa, tuongee.”

Mguu ulitetemeka mno, kipimo kikatoka ovyo. Mwenye karakana naye akapiga simu, akitaka aandikiwe kwamba hakuna kilichoonekana. Shangazi alikataa katakata. Alimrudisha fundi siku nyingine, safari hii pamoja na mkewe. Akaubana mguu taratibu kwa mito iliyojazwa mchanga, mke akamshika bega, kisha Shangazi akaanza kuuliza habari za harusi ya binti yao. Fundi alisimulia hadi akajisahau, na mguu ukatulia.

Kipimo kilionyesha risasi nyingi kupita kiasi. Shangazi alipomweleza, fundi alimgeukia mkewe.

“Umesikia, mama watoto? Sikuwa nakunywa.”

 Mke alimfunga kamba za viatu, kimoja baada ya kingine, machozi yakimdondoka.

Fundi alitibiwa, ingawa mikono haikupona kabisa. Wenzake wote walipimwa, na karakana ikalazimika kuweka feni za kuvuta moshi, barakoa na bafu la kuogea kabla ya kurudi nyumbani. Mwezi uliopita Shangazi aliwapima vijana walioajiriwa baada ya mabadiliko hayo. Grafu zao zilikuwa tambarare, hazina kilima hata kimoja cha risasi. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akatuita sote tuje tuone, kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu.

Sasa anakwenda kupumzika na mumewe, fundi cherehani, ambaye kwa miaka yote hii amekuwa akimpashia chakula kilichopoa kila alipochelewa kazini. Chumba anawaachia wanafizikia wawili aliowafundisha mwenyewe, na wote wawili ni wabishi kama yeye.

Shangazi, asante kwa subira yako, kwa ukali wako na kwa kila mtu uliyemrudishia heshima yake. Uwe na afya na furaha, na kuanzia sasa chakula ukikute cha moto.