Chupa ya Kulia

Sogeeni, wanangu, sogeeni hasa, maana sauti imebaki kidogo na sitaki kuimaliza kwa kupayuka. Wewe mkubwa, toka hapo mlangoni. Miaka tisa hujakanyaga chumba hiki, na aliyekukataza ni mimi, basi mimi mwenyewe nakuambia: njoo ukae kitandani, hapa miguuni pangu. Na wewe daktari wangu, funga hiyo kompyuta. Mama yenu asitoke. Nina jambo, na nikilala nalo leo sijui kama nitaamka nalo.

Mnanijua. Nimekuwa fundi saa miaka arobaini, na tangu utotoni kitu kikiwa kimefungwa mimi sina raha mpaka nikione ndani. Ndiyo maana, binti yangu, ulipoanza utafiti wako wa pombe na maini nilikuwa nakusumbua kila ukija: ini linakaa upande gani, likiugua linauma au linanyamaza, mbona mlevi huyu ananenepa na yule macho yanageuka manjano? Ulikuwa unacheka, unanijibu. Uliposema walevi unao tele ila umepungukiwa watu wasioonja kabisa, wa kulinganisha nao, nikakuambia niandike mimi. Nani angebisha? Mtaa mzima ulijua fundi saa hagusi. Ukanisomea swali la kwanza la karatasi yako: unakunywa pombe? Nikasema hapana, huku nakutazama machoni. Ukaniandika namba arobaini na moja.

Kisha picha zako zikaonyesha ini langu limejaa makovu, ukachanganyikiwa. Siku ile ulinigeuzia kioo cha mashine nione. Niliogopa, sikatai, lakini jamani, sikutaka ukizime! Kitu kimenifanyia kazi miaka yote hii na sijawahi kukiona. Ukatafuta sababu huku na huku, mwisho ukaangukia petroli ninayooshea vyuma vya saa. Ukaja dukani ukachukua chupa ili ukaipime. Ukawatisha mafundi wenzangu, maskini, sasa wanafanya kazi wamejifunga vitambaa puani. Na Ijumaa unakwenda kulisoma hilo mbele ya wataalamu.

Usilisome, mwanangu.

Mezani pangu palikuwa na chupa mbili, zote nimeziandika PETROLI, USIGUSE. Wewe ulichukua ya kushoto. Ya kulia nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa. Ile ni pombe kali, na nimeinywa miaka ishirini na sita, kikombe kimoja asubuhi ili mkono utulie, na vitatu kabla ya kufunga duka. Vinne kwa siku, uandike hivyo hivyo, usinipunguzie. Mama yao, usinitazame hivyo. Ulikuwa unalalamika kwamba nanuka petroli, kumbe nilikuwa najipaka makusudi kabla ya kurudi nyumbani. Najua, binti yangu, nimekuharibia kazi. Wakikuuliza ni nani aliyekudanganya, waambie: “Ni baba yangu.”

Sasa wewe mkubwa. Siku niliyokufukuza nilikukuta dukani umelewa, nikakutukana mbele ya wateja, nikasema mimi sizai walevi. Ulikuwa umekunywa chupa ya kulia. Ulijua. Ungefungua mdomo tu ningeumbuka mtaa mzima, lakini uliokota shati lako ukaondoka, na mpaka leo hujamwambia mtu, hata dada yako. Nimejiuliza miaka tisa kwa nini. Nisamehe, mwanangu. Nilikuonea, tena nilijua nakuonea. Duka ni lako, na bisibisi zote, na ile lenzi ninayoibana jichoni. Chupa uimwage wewe mwenyewe.

Na wewe binti nakuachia swali. Fundi viatu, jirani yangu pale dukani, nilikuwa nakunywa naye, chupa moja, vikombe sawa, miaka ileile. Mimi ndiyo huyu, tumbo limejaa maji. Yeye jana kaja kunijulia hali kwa baiskeli! Kwa nini mimi na si yeye? Linanitekenya mpaka sasa hivi, na naona uchungu kuondoka bila kujua. Nimemwomba, amekubali kupimwa, mpeleke kabla hajabadili mawazo. Na mimi nikishakufa... ngojeni nipumue... nikishakufa nifungue. Mama yao, mruhusu, usiweke kinyongo na kisu chake. Chukua kipande cha ini ukitazame vizuri, ndipo mnizike. Ila usilie juu ya ile mashine yako ya kukuzia vitu, utaona ukungu tu.

Maji kidogo. Asante. Basi, inatosha.

Mungu awalinde nyote. Awape hamu ya kujua, na awape kusema mlichokiona, mimi hilo la pili lilinishinda. Shikaneni mikono, nione. Hivyo.

Ile karatasi yangu unayo? Namba arobaini na moja. Itoe... shika kalamu. Kaka yako akae hapohapo asikie. Niulize tena lile swali la kwanza, kama unavyowauliza wengine... usiniite baba.

Ndiyo, daktari. Nakunywa. Andika.