Salamu Alizofundishwa Jana

Tuktuk ilitoka mtaa wa Kuze. Mimi nilikaa pembeni, katikati mama amempakata bintiye wa miaka mitatu aitwaye Jana, na upande wa pili mwanamke aliyejitaja kuwa Mejumaa. Mejumaa aliona karatasi yenye namba kwenye gauni la mtoto.

"Mwatoka kwa wale watafiti wa usonji? Mwanangu wamemchukua juzi, watamfundisha kucheza na kusema. Na huyu?"

"Wamemkataa. Wasema dalili hazitoshi."

"Basi hongera, mamangu!"

"Hongera ya nini? Nyumbani hamtazami mtu, wala ukimwita haitiki."

"Na huko?"

"Huko alimpa daktari mkono, akamtazama usoni, akasema salamu aleikum. Nimemfundisha wiki nzima kwa halua. Nilidhani ni kama kumwandikisha madrasa, hupokewa mwenye adabu."

Nilifanya kama natazama njia. Kwa halua hata mimi ningemtazama daktari.

Mejumaa alicheka, kisha akaacha. "Dada, wale wawataka wanaohitaji msaada. Rudi ukaseme kweli. Orodha yafungwa leo saa kumi."

"Nikaseme mwanangu hawezi, na asubuhi nimemsifu mbele yao? Wataamini lipi?"

Mimi sikujua mama huyu anastahili pole au hongera.

"Tononoka!" dereva akasema, akasimama. Mejumaa akashuka.

Jana akakinyooshea mkono chuma cha mlango. "Salamu aleikum," akakiambia.

"Mama, washuka ama twarudi Kuze?" dereva akauliza.

"Ngoja kwanza," mama akasema, akauteremsha mkono wa Jana polepole.